Milimita Nne za Bukari

Jumatatu, 3 Juni

Gari la tatu tangu asubuhi. Mawili ya kwanza yalikuja na janti za magurudumu zilizopinda, na wenyewe wakalaumu barabara. Barabara ya Dilala iko vile ilivyo tangu nizaliwe. Shimo halihami. Anayeliingia ndiye anayehama.

Baridi. Vumbi. Chai ilipoa kabla sijaigusa.

Tata Mbuyu alifika saa mbili kama kawaida, akakaa juu ya lile tairi kuukuu langoni kama kiti alichopewa na serikali. Kila mteja anayeingia anamsalimia yeye kwanza. "Chef! Chef!" Chef, yaani bosi. Bosi wa nini? Alikwisha kustaafu. Miaka kumi na moja katika garaji ya kampuni, mimi nilikuwa chini ya magari, yeye alikuwa anatia saini. Karakana hii nimeijenga mwenyewe, tofali juu ya tofali. Yeye ameleta makalio tu.

Saa tano akaingia shemeji Monga, mume wa mdogo wangu Béa. Honi ndefu, kana kwamba lango halikuwa wazi. Ndani ya jip yake janti nne za alumini, inchi kumi na nane, zinang'aa kama meno ya mchungaji. Harusi ya binti yao Gracia ni Jumamosi tarehe 15. Kanisani Manika, halafu msafara mzima mpaka Nzilo kupiga picha kwenye bwawa. Bibi harusi atapanda jip hii. Lazima ing'ae.

Nikamwuliza kama alipima kabla ya kununua.

"Shemeji, ile janti iko na matundu sita. Jip yangu iko na sita. Nipime nini?"

Mtu huyu anaamuru wachimbaji mia moja. Mungu awalinde huko shimoni.

Jumanne, 4 Juni

Nimeinua jip, nimetoa gurudumu la mbele kushoto, nimeweka janti mpya. Haikuzunguka hata robo. Mikono ya janti, ile inayotoka katikati kwenda ukingoni, imelalia etriye, lile bega la chuma linalokumbatia diski na kuzibana plakete, zile pedi za freni. Mwenye jip wa zamani alitia freni kubwa kuliko zile za kiwandani, kwa sababu alikuwa anabeba mizigo. Kwa hiyo bega ni nene. Monga hakujua. Jip aliinunua kwa kusikiliza redio yake.

Nyuma hakuna shida. Nyuma freni ni za ngoma ndogo, janti inapita. Kazi iko mbele.

Djo, dereva wake, mtu mzima mwenye wajukuu, akatoa shauri.

"Mama Feli, tukate etriye kiloko na meule. Kiloko tu. Kule Manika banafanya vile kila siku."

Nikamwambia kule Manika banazika bantu pia kila siku. Hakucheka. Mbuyu alicheka, kule langoni. Nikajuta kusema neno zuri mbele yake.

Kukata etriye, hata kidogo, kwa jiwe la umeme la kusagia chuma! Chuma chenye kazi ya kusimamisha tani mbili na nusu mteremkoni, wakipunguze ili urembo upate nafasi. Ni kupunguza nguzo ya nyumba ili kabati liingie.

Jumatano, 5 Juni

Leo nimepima.

Mchana nilikula, nikaacha tonge la bukari, ugali wetu, lipoe. Unga wa mahindi peke yake. Bukari wa muhogo unavutika, unadanganya. Nikaupaka juu ya etriye, unene wa kidole. Nikaweka pete ya chuma ya majaribio, milimita tano, kati ya kitovu cha gurudumu na janti, ili janti isogee nje. Nikafunga nati, nikazungusha gurudumu kwa mkono, taratibu. Nikalitoa. Bukari unaobaki bila kukwanguliwa, unene wake ndio nafasi iliyopo kati ya chuma na chuma. Nikapima.

Milimita moja.

Mi nataka nne. Chuma kinavimba kikipata moto, janti inajikunja kidogo kwenye kona, na kijiwe kinapenda mahali pembamba. Tano imenipa moja, kwa hiyo nane itanipa nne. Hesabu ya darasa la pili. Kolwezi nzima sijaona mwingine anayehangaika kuifanya.

Njia hii ya bukari niliianza mimi. Mimi. Katika garaji ya kampuni, siku tuliyokosa kitu laini cha kupimia, na chakula changu kilikuwa kwenye sahani. Wakubwa walipokuja kukagua, Mbuyu akawaonyesha ule bukari kwa kidole chake. Mpaka leo wanasema "bukari ya Chef". Nimeacha kusahihisha watu. Kusikia sijaacha.

Ijumaa, 7 Juni

Pete mbili za nane zimetoka kwa fundi wa mashine, Manika. Safi. Zinakaa kwenye kitovu bila kucheza.

Nimebadilisha pia vijiti vya nati, maana pete inakula urefu. Dukani walikuwa na saizi moja tu, ndefu kupita mahitaji. Nati inaingia mizunguko kumi na minne. Chini ya nane mi sikubali gari litoke.

Nikafunga. Bukari tena. Nne kamili, kushoto na kulia. Nikazungusha gurudumu kwa kidole kimoja, likazunguka kimya. Wateja wawili waliokuwa wanasubiri wakapiga makofi. Djo akapiga picha na simu, uso wake mbele ya janti.

Mbuyu hakupiga makofi. Akauliza kutoka kwenye tairi lake:

"Feli. Ile plakete njo mupya ao ya zamani?"

Feli. Watu wote wananiita Mama Feli. Yeye bado ananiita kama ninamletea funguo namba kumi na saba.

"Tata, kunywa chai," nikamwambia.

Akanywa.

Jumatatu, 10 Juni

Monga amezungusha jip mji mzima siku mbili. Amepita mbele ya karakana mara nne. Hakusimama kusema asante. Alipunguza mwendo tu ili tumwone.

Gracia amekuja jioni, kwa pikipiki ya taxi-moto, peke yake. Huyu simdharau. Ni mtu pekee katika ukoo anayeweza kugawanya kwa kichwa bila kutoa simu. Miaka ishirini na minne, anafanya kazi dispansari. Alitaka kujua kama gauni lenye waya wa duara litaingia mlango wa jip. Nikampimia mlango. Sentimita sabini na nane. Gauni tisini na mbili. Nikamwambia aingie kwa ubavu, kama meza.

Akacheka. Halafu akakumbuka mteremko wa kushukia bwawani, akaacha kucheka.

"Mama mukubwa, ile mashuko ya Nzilo... mi nayiogopaka. Ile gari itatufikisha?"

"Itawafikisha."

"Ulipima weye mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

Basi akaondoka ametulia. Watakuwa ndani watano: yeye, bwana wake, Béa, msimamizi, na Djo kwenye usukani. Nimetoa neno langu.

Jumatano, 12 Juni

Nimetukanwa. Hakuna jina lingine.

Djo amepita kununua mafuta ya injini. Kwa mdomo wake mwenyewe akaniambia jip iko Manika tangu saa nne, katika ile garaji mpya yenye vigae sakafuni. Freni zilikuwa zinalia, Béa akalalamika, Monga akaamuru plakete zibadilishwe kabla ya harusi. Huko. Si hapa.

"Juu ya nini huko?" nikauliza.

"Mama Feli, tata Monga alisema kule banaweka facture na muhuri."

Risiti yenye muhuri! Nimelala juu ya vumbi siku nne kwa ajili ya janti zake za sarakasi. Nimekwenda kwa fundi wa mashine mara tatu. Nimempimia bintiye gauni. Plakete, kazi ya dakika arobaini, kazi ambayo ninaweza kuifanya nikiwa nimegeuka nyuma ninaongea na mtu, anaipeleka kwa watu wanaovaa ovaroli nyeupe. Fundi wa ovaroli nyeupe ni fundi asiyeinama.

Nimefunga lango mapema. Nimekaa ndani na hasira yangu. Sikuwaza kitu kingine chochote. Ninaliandika hilo kwa sababu kesho huenda nikajifanya niliwaza.

Alhamisi, 13 Juni

Saa sita na nusu nilikuwa ninakula. Nimekata tonge, nimelibonyeza kwa kidole gumba, na lile shimo dogo kwenye bukari ndilo lililonigutusha. Swali la Mbuyu. Siku sita lilikuwa limekaa langoni linanisubiri.

Plakete zilikuwa kuukuu.

Niliziona. Ya nje ilikuwa imebaki milimita nne. Mpya ni kumi na moja. Etriye ya aina hii inateleza: plakete ikiliwa, bega linarudi ndani, ukiweka mpya, bega linatoka nje, kuelekea mikono ya janti. Kumi na moja toa nne, saba. Bega litatoka milimita saba. Nafasi niliyoacha mimi ni nne.

Nne toa saba.

Nilipima freni za kizee nikazipa cheti cha ujana. Kila mwanafunzi wa garaji anafundishwa: weka plakete mpya kwanza, ndipo upime. Mimi nilikuwa nimeshughulika kuwacheka wengine.

Nikaacha sahani, nikapanda taxi-moto.

Garaji ya vigae. Jip ilikuwa imeshuka chini, imekwisha, imeoshwa. Na nyuma ya mikono ya janti niliona kitu chekundu. Etriye zote mbili za mbele zimepakwa rangi nyekundu, mbichi bado.

"Mama Feli, angalia!" Djo, furaha tupu. "Sawa ya gari ya mashindano!"

Mwenye garaji akaeleza bila aibu. Walipoweka plakete mpya, gurudumu lilikataa kuzunguka. "Ilikuwa inagusa kiloko, mama. Tukarekebisha." Walirekebisha kwa meule. Nikaomba gurudumu litolewe. Milimita tano zimeondoka kwenye bega, kushoto na kulia, na alama za meule chini ya rangi kama mikwaruzo ya paka. Ile sehemu ndiyo inayobana diski. Ukikanyaga freni kwa nguvu mteremkoni, ndiyo inayovutwa ipasuke.

Watu watano na gauni la waya.

Nikampigia Monga. Nikamwambia jip isitembee. Akacheka.

"Shemeji, hii njo wivu ya garaji ya bantu?"

Nikamweleza chuma. Hakusikia. Nikamweleza mteremko. Akasema wale wana muhuri. Kulikuwa na njia moja tu ya kumfanya anisikie. Mafundi wa ovaroli nyeupe walikuwa wamesimama pale, Djo pia, wote wananisikiliza.

"Monga, kosa ni yangu. Mi nilipima na plakete ya zamani. Pete yangu haitoshe. Bale bamekata juu mi nilikosea."



"Weye?" Monga akasema. "Weye ulikosea hesabu?"

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo ilivyouma zaidi. Akamwambia Djo anipe ufunguo.

Nimeirudisha jip Dilala mwenyewe, gia ya kwanza na ya pili. Mama mmoja mwenye beseni la mikate kichwani alinipita.

Ijumaa, 14 Juni

Siku moja. Etriye mbili. Pete mbili mpya. Nane jumlisha saba, kumi na tano.

Etriye nilizipata saa tatu kwenye jip iliyopinduka, mwenyewe anauza vipandevipande nyuma ya soko. Hazina ufa. Nimezikagua kwa mafuta ya taa na chaki: unapaka mafuta, unafuta, unapaka chaki, kama kuna ufa, mafuta yanarudi na kuchora mstari. Hakuna mstari.

Pete ndiyo iliyokuwa shida. Fundi wa mashine alikuwa na mlima wa vyuma vya malori ya mgodi mbele yake. "Mama, siku ya kwanza," akasema bila kuinua macho. Jumatatu. Nikamwambia harusi ni kesho. Akasema kila mtu ana harusi.

Nilirudi karakana mikono mitupu. Mbuyu alikuwa kwenye tairi. Hakuuliza. Alikuwa amekwisha kusikia. Kolwezi nzima ilikuwa imekwisha kusikia. Akainuka, jambo ambalo sijamwona akilifanya kabla ya saa kumi. Akapanda taxi-moto pamoja nami, watatu tukimhesabu dereva, goti lake mgongoni mwangu.

Kwa fundi wa mashine, mlangoni tu: "Chef!" Mbuyu alimfundisha zamani, kumbe. Mashine ikazimwa. Chuma cha lori kikatolewa kwenye taya. Nami nimesimama nyuma yake, kama miaka ile kumi na moja.

"Kumi na tano," Mbuyu akasema. "Haiko kumi na nne. Kumi na tano."

Kana kwamba ameipata yeye kwa kutoa na kujumlisha. Nikauma ulimi. Pete zikatoka saa saba.

Plakete mpya. Etriye mpya. Kutoa hewa kwenye freni, gurudumu moja moja, mpaka pedali ikawa ngumu. Pete. Janti. Vile vijiti vilivyozidi urefu sasa vimekuwa saizi yake: nati inaingia mizunguko tisa na kitu. Nilitaka nane. Bahati, si akili. Ninaiandika kama bahati.

Bukari.

Nilipima mara tatu. Nne, nne, nne. Mbuyu akainama kutazama kipimo, haoni bila miwani, na miwani hana.

"Soma," akasema.

"Nne."

"Na plakete mupya?"

"Na plakete mpya."

Akarudi kwenye tairi lake.

Nimeendesha mwenyewe mpaka nje ya mji na kurudi, nimekanyaga freni mara ishirini, kumi polepole, kumi kama mwehu. Jua lilikuwa bado juu nilipompa Djo ufunguo. Nikamwambia akiipeleka garaji yoyote kabla ya Nzilo nitamfunga yeye kwenye kitovu kwa nati sita.

"Ndiyo, Mama Feli," akasema. Safari hii hakutoa simu.

Jumamosi, 15 Juni

Kanisa lilijaa. Mahubiri marefu kuliko ndoa nyingine ninazozijua.

Msafara. Nilikataa kukaa na wakubwa. Nilipanda minibus iliyoifuata jip moja kwa moja, mbele karibu na dereva, nihesabu taa za freni. Kabla ya mteremko, mara tatu. Kwenye mteremko, mara saba. Ya tano ilikuwa ndefu. Lori lilikuwa linapanda katikati ya barabara kama lake peke yake. Taa nyekundu ikawaka, ikakaa.  Jip ikapungua, ikapungua, ikapita pembeni. Kwenye minibus walikuwa wanaimba. Sijui waliimba nini.

Bwawani nilishuka kabla minibus haijasimama vizuri. Nikapiga magoti kwa kitenge changu cha harusi, nikasogeza mgongo wa mkono karibu na janti. Joto sawa, kushoto na kulia. Nikapitisha kidole nyuma ya mikono ya janti. Hakuna mkwaruzo. Vumbi tu.

Mpiga picha akapiga wakati huohuo. Kwa hiyo katika picha ya harusi ya Gracia kuna bwana, bibi, maji ya Nzilo, na mgongo wangu.

Gracia akaniinua. Aliniambia sikioni: "Nilihesabu pia. Saba." Basi.

Kwenye hotuba Monga alimshukuru Mungu, wakwe, na "Chef Mbuyu, mwenye aliona kasoro ya gari". Makofi. Béa akanitazama. Mi nikala kuku.

Jumatatu, 17 Juni

Gari la kwanza: janti imepinda, barabara imelaumiwa.

Jip imekuja saa tatu kukazwa nati. Nilikwisha kuwaagiza: kilomita hamsini, lazima ikazwe tena. Nati kumi na moja za mbele hazikusogea. Moja imekubali robo mzunguko. Djo alitaka kujua kama robo ni mbaya. Nikamwambia robo ndiyo sababu tunakaza.

Mbuyu yuko langoni. Asubuhi hii amewasimulia wateja watatu jinsi alivyoiona ile plakete. Kila mara anaongeza kitu. Mara ya tatu alikuwa ameiona akiwa barabarani, kabla hajaingia langoni. Nilisikiliza kwa makini nimkamate kwenye uongo ulio mkubwa, ule wa katikati. Hakuna. Aliuliza, nami nikamwambia anywe chai. Miaka yote ile alijisifia kazi ambayo si yake, na safari hii moja anajisifia kilicho chake. Sina pa kumshika. Ndilo linaloniudhi.

Nimechukua chaki, nimeandika ukutani juu ya benchi, herufi kubwa: PLAKETE MPYA KWANZA, NDIPO BUKARI.

Akaona ninaandika.

"Feli, uliandika nini pale?"

Nikamsomea.

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama anayeyaonja maneno.

"Iko muzuri," akasema. "Nani alikuambia?"

"Tata, kunywa chai."

Nikampelekea mwenyewe, mkononi. Ilikuwa bado ya moto.